Aliyetaka Kusikia Sauti: Sajinitaji Mstaafu Zefania Msengi, 1969–2025

Sajinitaji mstaafu Zefania Msengi, tunayemlaza leo katika ardhi ya Ulemo, alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili wa marehemu Alute Msengi na Bibi Eliana. Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari mjini Singida, akamaliza mwaka 1988. Mama yake husema alikuwa mtu wa mashaka tangu utoto: akitumwa kuhesabu mbuzi alihesabu mara mbili, ya pili akiwagusa mmoja mmoja.

Alijiunga na jeshi mwaka 1990, akasomea mawasiliano, akakabidhiwa simu za dharura na king'ora cha kambi. Tarehe 22 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Rahabu. Walijaliwa Enock na Hana.

Mwaka 2021 kambi ilifungiwa mtambo mpya wa tahadhari. King'ora cha kuzungusha kwa mkono kiliondolewa, sasa kila askari angepata ujumbe kwenye simu yake na kubonyeza jibu: "Niko salama." Siku ya majaribio, Jumatano 17 Novemba, majibu ya watu wote themanini na sita yalifika ndani ya dakika mbili. Wakubwa walipiga makofi. Zefania hakupiga. Kwenye orodha aliona jina lake mwenyewe limejibu, na simu yake hakuwa nayo.

Alikwenda langoni, ambako askari huacha simu kabla ya kuingia kazini. Alimkuta koplo wa zamu amepakata kasha la simu, anazibonyeza moja moja. Koplo alijitetea kwamba anawasaidia wenzake wasionekane wazembe.

Zefania alikataa kutia sahihi hati ya kupokea mtambo. Aliambiwa anaogopa mambo mapya, akatishiwa uhamisho, na wenzake wakambandika jina la Nani Kabonyeza. Jibu lake lilikuwa moja: "Moto ukiwaka, kasha litapona. Na sisi je?" Baada ya wiki tatu mkuu wa kambi aliagiza vipaza sauti vifungwe kila mahali pa kazi, na kila tahadhari ifuatiwe na kuitwa majina, mtu aitike mwenyewe. Ndipo akatia sahihi. Alistaafu mwaka 2023.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024. Jumapili, 8 Juni 2025, akiwa amelazwa Singida, wanawe walipata ujumbe kutoka simu yake: "Naendelea vizuri, msihangaike." Enock, aliyeko Mwanza, alimshukuru Mungu akaendelea na shughuli zake. Hana, aliyeko Manyoni, hakuuamini. Baba yake hakuwa mtu wa kuwaambia watu wasihangaike. Alipiga simu. Rahabu, ambaye ameruhusu hili lisomwe, alikiri kwamba aliuandika yeye, kwa kuwaonea watoto huruma. Hana alipanda basi mchana huo huo.

"Shikamoo, baba," alisema kando ya kitanda.

"Marahaba. Umekuja mwenyewe."

Alifariki Jumatatu saa nne asubuhi, Hana akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Majina yao yataitwa kaburini, na kila mmoja ataitika kwa sauti yake, Enock akiwa wa kwanza. Kwa jibu jingine lolote marehemu asingeridhika. Baada ya hapo apumzike. Tutakuwa tumehesabiwa wote.