Madamu Nitakuwa na Herufi Yake ya Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake, na nyinyi wanafunzi wake mliojaa hadi nje ya uzio: tunayemsindikiza leo alikuwa dada yangu mkubwa. Kazi ya kusoma nimepewa mimi mdogo wake, fundi bomba, mwanafunzi pekee aliyemshinda katika maisha yake yote. Aliacha maagizo kwamba wasifu huu uwe wa dakika kumi, usitiwe chumvi, na tarehe zote ziwe sahihi. Kuhusu tarehe nimemtii.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama muuza mboga. Mama alisema alikuja siku mbili kabla ya ile aliyotaja mkunga, na tangu hapo hakuchelewa popote. Mimi nilikuja miaka tisa baadaye, nikachelewa wiki mbili. Mtu mwenye akili angeweza kutabiri yote yaliyofuata kati yetu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1967, na huko akakipenda Kifaransa kuliko chakula. Novemba 1970 alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu wa lugha. Alama za kupita zilikuwa hamsini. Alipata arobaini na tisa.

Hakulia. Alivaa viatu vyake vya shule, akaenda mwenyewe kwa msahihishaji, mzee mmoja mwenye miwani minene, kuuliza ile moja imepotelea wapi. Mzee akafungua karatasi na kuweka kidole kwenye sentensi. Swali lilikuwa kutafsiri "Utakapofika, nitakuwa nimeondoka." Wakati huo wa kitenzi Wafaransa huuunda kama sisi, vipande viwili: kwanza "nitakuwa", kisha kitendo chenyewe kilichokwisha. Mimi naelewa hivi: ni mabomba mawili na kiungo katikati. Dada yangu aliyajua mabomba yote mawili. Aliandika *je serai parti*.

"Nani ameondoka hapa?" mzee akamuuliza.

"Mimi, mwalimu."

"Wewe ni mwanamume?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi iko wapi e yako?"

Kwa Kiswahili, mwanamke na mwanamume huondoka kwa neno lilelile, na hakuna anayeulizwa. Kwa Kifaransa, kwenye vitenzi kama vya kuja na kwenda, kuzaliwa na kufa, mwanamke huongeza herufi e mwishoni mwa neno. Haitamkwi, haisikiki, inaonekana tu kwenye karatasi. Kitabu chao cha shule kilikuwa kimejaa wanaume wanaoondoka. Hakikuwa na mwanamke hata mmoja aliyewahi kutoka nje ya mlango.

"Kitabuni haimo," dada akasema.

"Basi kaandike chako," mzee akamjibu, akamrudishia karatasi.

Alikaa nyumbani mwaka mzima kwa ajili ya herufi moja. Ndio mwaka alioamua kunifundisha mimi, na ndio mwaka niliojifunza kupanda ukuta. Novemba 1971 alirudia mtihani, akapata tisini na moja, na yule mzee akamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Karibu, binti." Karatasi hiyo iko kwenye fremu sebuleni kwake hadi leo, juu ya picha ya harusi. Shemeji yangu hakuwahi kulalamika.

Alihitimu chuo mwaka 1974, akafundisha shule moja tu ya wasichana, darasa moja tu, namba sita, lile lililo karibu na tangi la maji, hadi alipostaafu mwaka 2013. Miaka thelathini na tisa. Kila Jumatatu, kila msichana aliandika ubaoni sentensi moja ya kweli: "Ifikapo Ijumaa nitakuwa nimemaliza shairi," "nitakuwa nimemwomba radhi dada yangu." Ijumaa kila mmoja alisimama mbele ya sentensi yake, akaiwekea alama ya vema au akaifuta kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa akiwaambia, "Anayesema 'nitafanya' ameahidi hewa. Anayesema 'nitakuwa nimefanya' amejifunga kwa tarehe." Jina la Madamu Nitakuwa lilitoka hapo. Walidhani halijui. Alikuwa amelitarizi kwenye mkoba wake wa chaki.

Mwaka 1977 alipeleka kitambaa cha gauni kwa fundi cherehani kijana, mwenye kibanda kando ya posta. Kila akienda anaambiwa njoo kesho. Kesho ya nne, alivuta kiti akaketi.

"Usiniambie utashona," akamwambia. "Niambie ifikapo lini utakuwa umeshona."

Fundi, kwa jinsi anavyosimulia mwenyewe, aliguna kwanza, kisha akajikuta anasema: "Ifikapo Jumamosi saa nne asubuhi, nitakuwa nimelishona." Jumamosi saa tatu na dakika arobaini gauni lilikuwa limening'inia, limepigwa pasi. Anasema hadi leo hajui kama ulikuwa woga au mapenzi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Agosti 1978, dada akiwa amevaa gauni hilohilo. Mungu akawajalia binti, ambaye ni muuguzi, na kijana wao, ambaye ni fundi umeme na kwa bahati mbaya amerithi saa yangu mimi.

Sasa nitasema jambo ambalo yeye asingependa lisomwe. Dada yangu, aliyefunga watu wote kwa tarehe, alikuwa na ahadi moja isiyo na tarehe. Kitabu. Kile alichoambiwa na mzee wa miwani akakiandike. Alikianza mwaka 1975: mazoezi mia moja ya wakati huo mmoja wa kitenzi, na ndani yake wanawake wanaondoka, wanarudi, wanazaliwa, wanafika wa kwanza. Daftari zilijaa kabati. Nilizoea kumchokoza mezani: "Dada, kitabu kitakuwa kimekwisha lini?" Naye, Madamu Nitakuwa mwenyewe, ananijibu, "Mwaka ujao," sawasawa na fundi cherehani. Nilicheka kwa miaka arobaini. Sikujua kwamba kilikuwa kinamuuma.

Tarehe 16 Januari mwaka huu, 2024, daktari alimwambia kwamba ana saratani ya ini na imeshasambaa. Nilikuwepo, mimi na binti yake. Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema huenda, alisema inategemea, alisema tutaona. Dada alisubiri hadi huenda zote zikaisha, kisha akatoa kalamu kwenye mkoba.

"Daktari, ifikapo tarehe 31 Mei nitakuwa nimemaliza kitabu changu. Hiyo ndiyo tarehe yangu. Wewe nisaidie kuifikia tu."

Daktari akaandika tarehe hiyo kwenye faili. Nilimwona.

Kuanzia hapo nyumba ile ilikuwa kiwanda. Kitanda kilisogezwa dirishani. Yeye anasoma kwa sauti kutoka kwenye daftari, binti anachapa kwenye kompyuta mapajani, shemeji anapunguza nguo zake kila wiki ili zisimpwaye, na mimi napika uji na kutukanwa. Machi alikuwa amefika zoezi la arobaini. Aprili sauti ilikatika, akaendelea kwa kuandika. Kuna siku za Mei maumivu yalimzidi, na binti yake akamsihi apumzike, akamwambia, "Mama, imetosha." Akaandika kwenye karatasi: "Tisini na tatu si mia." Niliogopa sana siku hiyo, na nasema wazi kwamba niliogopea kitabu kama nilivyomwogopea yeye, kwa sababu nilijua asingeweza kuondoka vizuri bila hicho.

Jumanne tarehe 28 Mei, saa nne asubuhi, aliandika zoezi la mia. Siku tatu kabla ya tarehe. Aliniita kwa kidole, akanionyesha ukurasa, akasubiri. Mimi sijui Kifaransa. Lakini nilijua ananisubiri niseme nini.

"Umemaliza, dada," nikamwambia.

Akaandika chini yake: "Hatimaye kajibu vizuri." Tulicheka sote, hata daktari tulipomsimulia.

Alifariki Jumanne iliyofuata, tarehe 4 Juni 2024, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, mumewe amemshika mkono. Jioni ile shemeji alifungua cherehani. Alisema mwenyewe: "Ifikapo Ijumaa saa sita nitakuwa nimemshonea." Jana saa sita kasoro robo alikata uzi wa mwisho. Gauni alilovaa marehemu ndilo hilo.

Lile zoezi la mia aliagiza lichapwe nyuma ya ratiba mliyoshika mikononi. Alhamisi nilikwenda kuzichukua kwa mchapaji, zote mia mbili. Nikageuza ya kwanza, nikasimama palepale. Neno la mwisho lilikuwa fupi.

"Herufi imeanguka," nikamwambia.

"Mzee, ni herufi moja tu, tena haitamkwi. Mashine iliona ni kosa."

"Herufi hiyo moja ilimweka dada yangu nyumbani mwaka mzima. Rudia."

"Zote mia mbili?"

"Zote. Na usiniambie utachapa. Niambie ifikapo saa ngapi utakuwa umechapa."

Ilipofika saa tisa zilikuwa zimechapwa. Dada, mwanafunzi aliyekushinda ameona e. Imechukua miaka hamsini na tatu, lakini ameiona.

Geuzeni karatasi zenu. *Quand vous lirez cette page, je serai partie.* Mtakapousoma ukurasa huu, nitakuwa nimeondoka. Angalieni mwisho wa neno la mwisho. Ipo.

Marehemu ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, wajukuu watano, mdogo mmoja mkaidi, wanafunzi waliopita darasa namba sita kwa miaka thelathini na tisa, na kitabu kimoja, kimekwisha.

Dada, hatukuagi kwa "utapumzika". Tarehe tunayo, ni leo: tutakapomaliza kufukia na kuinua macho, utakuwa umepumzika kwa amani.