Silvesta Jilala na Nondo wa Mbuga ya Chumvi

Baba Padri, wazee wetu, ndugu na majirani, mpendwa wetu Silvesta Jilala alizaliwa tarehe 12 Machi 1934 hapa Kishapu, akasoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1951 kwa sababu ng'ombe wa baba yake walikosa mchungaji, na mwenyewe hakuwahi kuililia shule.

Mwaka 1955 alikwenda Geita kuchimba dhahabu, na machimbo yalipofungwa mwaka 1966 alirudi na baiskeli, kikohozi na hamu kubwa ya kukaa juani. Ndipo alipomkuta Scolastika Maduhu akikwangua udongo wa chumvi mbugani, na nondo wadogo wa kijivu, vipepeo kama punje za mtama, wameinuka kwenye majani na kujaa kwenye kitambaa chake cha kichwani, Silvesta akacheka, Scolastika akamtolea uvivu, na tarehe 3 Juni 1967 wakafunga ndoa. Mungu akawajalia Melania, Dominiko na Mageni.

Tangu hapo marehemu hakutaka kusikia kwamba nondo wale wameungua. Kila kiangazi mbuga huchomwa ili ng'ombe wapate majani mabichi, naye mwaka 1969 aliwaomba wafugaji wamwachie kona ile moja alikomkuta Scolastika, wakamcheka, wakamwita Baba Nondo, lakini jirani yake Masele, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alikubali kwa sharti kwamba kona itaachwa maadamu Silvesta yu hai na analima mwenyewe ukanda wa kuzuia moto. Akaulima kila Juni, huku akiimba, na kuimba hakujui.

Kifua kilimlaza Januari mwaka huu wa 1986. Kufa hakukumsumbua, maana aliridhika na mke, watoto na mtama wake, ila kilichomnyima raha ni kwamba sharti la Masele lingeisha pamoja naye. Alifariki juzi, tarehe 9 Juni, alasiri, Scolastika akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Shinyanga, majirani waliopika, na wenzake wa Geita waliosafiri mchana kutwa. Nawe Masele, familia haijui ikushukuru vipi, maana jana tulipotuma watu wakuite kuchimba kaburi walikukuta mbugani na wanao, ukanda mmekaribia kuumaliza, ukawaambia kaburi lingoje kidogo.

Pumzika, Baba Melania, moto hautafika kwenye kona yako.