Mama Kona Alipolala Kama Mgeni

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, mkuu wetu wa vyumba, tunayemwita Mama Kona, anastaafu baada ya kuitumikia hoteli hii kwa miaka thelathini na minne. Mimi wa mapokezi nimepewa kazi ya kumwandikia wasifu, na ninaandika nikiwa nimeketi vizuri na chai yangu pembeni. Wiki iliyopita nisingeweza, kwa kuwa hakuna mtu katika jengo hili aliyekuwa na utulivu wa kushika hata kalamu. Leo tunapumua.

Ndugu na jamaa wa mstaafu ambao hamjawahi kufika kwetu, mjue kwamba hoteli hii kongwe imekaa kwenye mteremko. Uso wake unatazama bahari na mgongo umeegemea kilima, kiasi kwamba mgeni akiingia kwa mlango wa barabara ya juu anajikuta ghorofa ya tatu bila kupanda ngazi yoyote. Mstaafu wetu hakuingia kwa mlango huo. Alianzia chini kabisa, kwa dobi, akiwa binti mwembamba mwenye sauti ndogo. Siku hizo mashuka yalifuliwa huko chini na kupandishwa juu kwa mabega, kwa ngazi za nyuma, na aliyefika na shuka lenye mkunjo alirudishwa nalo. Yeye anasema alirudishwa mara moja tu. Wenzake wa enzi hizo wana maelezo mengine.

Akawa mhudumu wa vyumba, kisha msimamizi wa ghorofa, hatimaye mkuu wa vyumba vyote. Ni yeye aliyeubana uongozi mpaka ikawekwa lifti ya mizigo na stoo ya mashuka kwenye kila ghorofa, na migongo ya wengi wetu inamshukuru. Ni yeye pia aliyemaliza kesi ya yule mgeni aliyelalamika kwamba mawimbi yanamnyima usingizi, akaomba yapunguzwe. Alimhamishia upande wa kilima. Kesho yake mgeni akaja kulalamika kwamba kimya kimezidi. Mama Kona akamrudisha upande wa bahari, akamfungia dirisha nusu, akamwambia ameyapunguza. Bwana yule aliondoka akiwa amenenepa.

Jina la Mama Kona linatokana na kona za shuka. Kwake kitanda hakijatandikwa mpaka kona zote nne zikunjwe na kubanwa chini ya godoro, bapa, bila kitumbo. Akiingia chumbani haangalii maua wala vioo. Anakwenda moja kwa moja miguuni pa kitanda, anatia vidole viwili chini ya kona na kuvuta. Ikifunguka, anafumua shuka lote huku wewe uliyetandika umesimama pembeni na sura ya mfiwa. Hagombi. Anasema bado, anatoka.

Mumewe, fundi saa ambaye wengi wenu mnamfahamu, anatueleza kwamba nyumbani mambo ni yale yale. Mke wake halali kwenye kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine. Awe ugenini, awe harusini, kwanza anakifumua na kukitandika upya, na kuna wifi mmoja aliyenuna karibu mwaka mzima kwa sababu hiyo. Alipolazwa hospitali kwa ajili ya goti, siku ya pili tu aliamka akichechemea, akawatandikia wagonjwa wa wodi nzima. Jioni watu waliokuja kuona wagonjwa wao walikuwa wanamwita sista na kumuuliza dawa zinatolewa saa ngapi.

Sasa nije kwenye kilichotukosesha raha. Mama Kona alikuwa astaafu mwaka juzi. Meneja alimuuliza kama naibu wake, dada mrefu tunayemwita Twiga, yuko tayari kushika nafasi. Akajibu bado. Mwaka jana akaulizwa tena, akajibu bado, na Twiga akaingia stoo ya mashuka akalia mpaka macho yakavimba. Mwaka huu meneja akasema hasubiri tena. Kama ndani ya hoteli hakuna wa kurithi, kazi ya vyumba itapewa kampuni ya nje, na kampuni hiyo huja na watu wake. Wahudumu wote wa vyumba walielewa maana yake. Hawa ni watu wenye watoto shuleni na kodi za nyumba. Wakatuma mwakilishi kwa Mama Kona amwombe aseme tu ndiyo. Akajibu kwamba hajawahi kumpitisha mtu kwa huruma, na hataanza siku anaondoka.

Hoteli yetu ina desturi yake: anayestaafu hulala usiku mmoja kama mgeni, yeye na mwenzi wake, kwenye chumba anachokitaka. Mama Kona alichagua chumba kile cha zamani cha ghorofa ya juu, chenye milango ya mbao inayofungukia roshani. Meneja akasema jibu kuhusu Twiga atalichukua asubuhi wakati wa kifungua kinywa. Twiga alikiandaa chumba peke yake, akakataza mtu kukanyaga humo.

Asubuhi ikafika, kifungua kinywa kikaisha, meza zikafutwa, Mama Kona hakuonekana. Huyu ni mtu ambaye jua humkuta koridoni. Mpishi akasema bila shaka amekasirika, ameondoka kwa mlango wa nyuma. Mpagazi akaapa amesikia vitu vinaburutwa juu, kwa hiyo kitanda kimefumuliwa pamoja na godoro lake. Tulipanda wote tukajazana nje ya chumba, na kibao cha msinisumbue kilikuwa kinaning'inia kwenye kitasa. Twiga alisimama mbele yetu, karibu na mlango. Meneja naye akaja, akatukuta, akasahau kutufukuza.

Mlango ukafunguka kidogo, akatoka fundi saa na ndala za hoteli, kidole mdomoni. Tulidhani mkewe anaumwa. Akatunong'oneza kwamba amelala. Usiku, akasema, mkewe alitia vidole chini ya kona ya kwanza akavuta, haikufunguka. Akazunguka zote, hakuna iliyofunguka. Mzee akajisogeza ukutani kungoja kitanda kifumuliwe, kama alivyozoea tangu waoane, akashangaa kuulizwa mbona amesimama kama nguzo. Mama Kona akapanda kitandani kama kilivyo, na tangu hapo yuko fofofo. Ni yeye mzee aliyekesha, akiinama kila mara kusikiliza kama mwenzake bado anapumua.

Twiga aliteleza na ukuta mpaka chini, akalia kwa sauti, na sisi tuliokuwa tunamnyamazisha tukaanza kulia naye. Meneja alisema hilo linatosha, hana swali tena.

Hata hivyo jibu lenyewe lilikuja mchana, Mama Kona aliposhuka na alama ya foronya shavuni. Alimwambia meneja, mbele yetu sote, kwamba kona za Twiga hazijafunguka tangu mwaka juzi. Aliyekuwa hayuko tayari ni yeye mwenyewe, kwa sababu hakujua ataamkia wapi siku asipokuwa na kitanda cha kukagua. Akamwomba Twiga msamaha. Twiga alikasirika siku nzima, na ilikuwa haki yake. Kesho yake wakaonekana stoo wanakunja mashuka pamoja na kucheka. Barua ya uteuzi imeshatoka, na hakuna mhudumu wa vyumba atakayeondoka.

Mama Kona, asante kwa migongo yetu uliyoiokoa, kwa wageni uliowalaza, na kwa ukali ambao hatukuwahi kukushukuru wakati unauma. Tulikuogopa na tulikupenda, mara nyingi kwa siku moja. Tunakutakia afya, goti lisilosumbua, na asubuhi nyingi za kuchelewa kuamka. Njoo utusalimie, unywe chai, ukae roshani utazame bahari. Kukagua, usije. Vyumba vina mwenyewe.