Jiko San Hilarion, Kitanda Lumang Tubig

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na sita katika halmashauri ya San Hilarion, Bi. Narcisa Panganiban anastaafu kama Msajili wa Vizazi, Ndoa na Vifo. Sisi wa ofisini tunamwita Aling Ising. Wanaosubiri vyeti humwita majina mengine, ambayo hayafai kuchapishwa kwenye ratiba ya sherehe.

Alianza kama karani wa taipureta. Alipopanda cheo hakupunguza maneno. Baba mmoja alipotaka kumpa mwanawe jina la pikipiki yake mpya, Aling Ising aliweka kalamu chini. "Kaka, pikipiki utaiuza mwakani. Mtoto utabaki naye." Leo mtoto huyo anaitwa Benigno, na pikipiki imeshauzwa.

Lakini hakuna atakayetusamehe tukiruka habari ya kesi. Miaka minane iliyopita, Bw. Delfin Untalan, mpwa wa meya wa wakati ule, aliutamani wadhifa huu. (Mheshimiwa Meya wa sasa ni mtu mwingine kabisa, ingawa jina la ukoo limefanana.) Bw. Delfin alifungua shauri akidai Aling Ising hana sifa, kwa kuwa sheria inamtaka msajili awe mkazi wa mji anaouhudumia. Na kweli, mpaka wa mji unapita katikati ya nyumba yake. Jiko liko San Hilarion, kitanda kiko Lumang Tubig, mji wa jirani. Angeshindwa, angepoteza cheo akiwa amebakiza miaka minane tu astaafu, nasi tungepata mkuu ambaye, kwa heshima zote, alikuwa hajawahi kujaza hata cheti kimoja cha kuzaliwa.

Jaji Abuan alikwenda kuiona nyumba. Alisimama mlangoni mwa jiko, mguu mmoja katika kila mji, akamuuliza anaishi wapi hasa.

"Mheshimiwa," akasema Aling Ising, "huku ndiko ninakofanya kazi. Kule nakoroma tu."

Jaji hakucheka. Siku ya kusikilizwa tulikaa nyuma tukitafuna kucha. Ndipo wakili wa Aling Ising, Bw. Bugarin, akamsimamisha Bw. Delfin na kumuuliza kama amewahi kula kwa mama huyu.

"Nani hajala?" akajibu Bw. Delfin, akionekana kuudhika. "Kila mwaka! Nguruwe wake wa kuchoma ngozi inalia kakaka. Na hunifungia na cha kwenda nacho."

"Siku gani hiyo?"

"Sikukuu ya mtakatifu wetu, siku gani tena?"

"Wenu wa mji gani, bwana?"

"San Hilarion," akasema Bw. Delfin kabla hajajishtukia. Kila mtu mle ndani alijua: siku ya sikukuu ya mji wako unapika na kuacha mlango wazi, siku ya sikukuu ya jirani unakwenda kula. Na Lumang Tubig nzima ilikuwa shahidi kwamba siku ya sikukuu yao Aling Ising huenda kwao na tumbo tupu.

"Delfin, mwanangu, ungeniuliza tu," Aling Ising akasema kutoka kwenye benchi, na jaji akagonga meza.

Hukumu ilitaja pia anakopigia kura na kulipia kodi, lakini ukurasa mzima ulimhusu nguruwe. Shauri likatupwa. Sikukuu iliyofuata, Bw. Delfin alikuja na bakuli lake mwenyewe, akajaziwa.

Nafasi sasa iko wazi, na tunasikia waombaji wameanza kuulizana nani anapika wapi.

Aling Ising, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutukaripia kwa sauti ambayo hata Lumang Tubig waliisikia. Kuanzia kesho hakuna mahakama yenye haki ya kukuuliza unalala wapi. Lala upande wowote upendao, na uamke jua likiwa juu. Ila jiko, tunakuomba, lisihame.