Rudi Useme: Mwalimu Jonah Kitonga na Jukwaa la Viti Viwili

Mchungaji, wazee wa kanisa, walimu, majirani wa Kanyangi na wageni mliotoka Sultan Hamud na Nairobi, kabla historia ya ndugu yetu haijaanza kusomwa, familia inaomba radhi kwa jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkilicheka pembeni tangu asubuhi, na sasa mnaweza kulicheka wazi ili tumalizane nalo. Jumamosi tarehe 10 Mei 2025, siku moja baada ya msiba, mdogo wa marehemu, Mbaluka, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu akiwasomea, na suti iliyoshonwa enzi za wembamba wake, aliketi kwenye kompyuta ya marehemu ili awatangazie kifo wanachama wa jukwaa lake la mtandaoni la wenye magari, akaandika kwa uangalifu, akatuma, asijue kwamba kompyuta ilikuwa bado imefunguliwa kwa akaunti ya mwenyewe. Basi watu waliamka wakakuta Mwalimu Kitonga, kwa jina lake na picha yake, anawajulisha kwa masikitiko makubwa kwamba Mwalimu Kitonga alifariki jana.

Mbaluka ameendesha malori hadi Lubumbashi, Kigali na Juba, amepita mipaka kwa lugha asizozijua na kutoka salama, lakini kompyuta ya ndugu yake ilimwangusha akiwa ameketi. Mmoja alijibu, "Mwalimu, kumbe huko mtandao unashika kuliko hapa Emali!" Mwingine akaandika, "Pole sana kwa kifo chako mzee, lakini kabla hujaenda, ile klachi yangu ulisema niangalie nini?" Mjane, Nyawira, aliyasoma hayo akiwa nyuma ya bega la Mbaluka, akamwambia, "Shemeji, toka kwa hicho kiti."

Marehemu Jonah Kitonga Mutunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa Kanyangi, Kaunti ya Kitui, mtoto wa tatu wa Mzee Mutunga na mama yetu Kanini, ambao wote wametangulia, na Mbaluka akamfuata miaka minne baadaye akiwa kitindamimba, ingawa kwenye sahani hakuwahi kuwa wa mwisho. Mzee Mutunga alikuwa akitibu ng'ombe wa majirani kwa mizizi na majani, na wazee waliopo watakumbuka ugomvi wake wa kila msimu, kwamba mtu anakuja mbio akilia fahali wake amevimba tumbo, anapewa dawa, anashukuru, halafu haonekani tena mpaka siku ya kuvimba fahali mwingine. Mzee alikuwa akimkamata mtu wa namna hiyo sokoni, mbele za watu, akimwuliza, "Yule wa kwanza alipona ama alikufa?", na mtu akicheka na kusema mbona alipona kitambo, mzee alikuwa akimwakia, "Kitambo! Na mimi nimempa jirani yako dawa nyingine, wake amekufa, kwa sababu nilidhani ile yako ndiyo mbaya!" Kitonga alikulia nyuma ya koti la baba yake akisikia maneno hayo, na hasira ile aliirithi yote, asimwachie mdogo wake hata kijiko kimoja, ndiyo maana Mbaluka amebaki na mizaha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1976 katika shule ya msingi ya hapa, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982, akaendelea na masomo ya sekondari katika shule ya bweni mjini Kitui hadi kidato cha sita mwaka 1988, ambako alitolewa darasani mara moja tu, kwa kosa la kumwuliza mwalimu wa fizikia kama lile jaribio amewahi kulifanya kwa mikono yake ama alilisoma tu. Mwaka 1990 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1993, akaajiriwa kufundisha fizikia na hesabu huko Kambu, na mwaka 1997 akahamishiwa Sultan Hamud, Kaunti ya Makueni, alikofundisha mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani, na wanafunzi wake waliojaa hapa leo wanajua kwamba kwake jibu sahihi lisilo na maelezo lilipata sifuri, na jibu la kuotea lilipata sifuri pamoja na hotuba.

Pale Sultan Hamud alinunua kufuli katika duka la vifaa vya ujenzi la familia moja iliyohamia kutoka Nyeri, na kesho yake akarudi dukani, si kulalamika, bali kusema kwamba kufuli inafanya kazi vizuri, jambo ambalo Nyawira, aliyekuwa amesimama kaunta, anasema halikuwa limewahi kutokea katika duka lile na halijatokea tena. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Desemba 1998, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kanini mwaka 2000, na Mutunga mwaka 2003, wote wapo hapa, wote wamesoma, wote wanaendesha magari yenye viti vya nyuma.

Viti vya nyuma vinatajwa kwa sababu mnamo Oktoba 2008 marehemu alishuka Mombasa na kurudi na gari kuukuu la michezo la Kijapani, jekundu kama nyanya iliyokaa sana kwenye jua, la viti viwili, lenye paa la kitambaa la kukunjwa, na tumbo lake likiwa karibu na ardhi kiasi kwamba kenge wa Kanyangi walilitazama kama jamaa yao. Familia ya watu wanne ilipelekwa kanisani kwa awamu, mama na mtoto mmoja kwanza, mtoto wa pili baadaye, na mzee mmoja wa kanisa aliuliza katika kikao kama ni sawa kwa mlezi wa vijana kuendesha gari ambalo mtu huingia kwa magoti kama anaomba na kutoka kwa kuvutwa kama ameokoka majini. Marehemu alimjibu kwamba hilo ndilo gari pekee pale uwanjani linalomfanya mtu apige magoti kabla ya ibada, na kikao kikaenda kwenye ajenda nyingine.

Gari lilimtesa, na hakuna haja ya kulipamba kwa sababu limekuja msibani, lilichemka mlima wa kuja Kitui, lilivujisha mvua kwenye mapaja ya mke wa mtu, na fundi wa kulielewa hakuwepo kutoka Machakos hadi Voi. Ndiyo sababu tarehe 16 Januari 2010 alifungua jukwaa la mtandaoni akaliita Viti Viwili, ili kila mwenye gari la aina hiyo nchini aandike shida yake, na aliyewahi kuiona aeleze alivyoitatua. Jukwaa lilikuwa na sheria moja tu, iliyoandikwa juu kabisa kwa wino mwekundu wa mwalimu, nayo ni hii: ukisaidiwa, rudi useme. Useme ilipona ama haikupona, kwa sababu yule wa kesho atasoma swali lako na jibu ulilopewa, na usiporudi atabaki kubahatisha na gari lake mwenyewe, labda na roho yake mwenyewe.

Kwa miaka kumi na mitano marehemu hakuacha jukwaa hilo lipoe. Aliyeuliza vibaya alikaripiwa, "Gari lako linapiga kelele, hata mbuzi wangu anapiga kelele, kelele gani, upande gani, ukikata kona ama ukifunga breki?" Aliyeuliza vizuri alipata jibu refu lenye picha za mikono ya Mwalimu mwenyewe, nyeusi kwa grisi, na kila Jumamosi asubuhi, swali liwepo lisiwepo, aliandika habari za gari lake mwenyewe, kilichoharibika wiki hiyo, alichojaribu kikakataa, alichojaribu kikakubali, mpaka siku mbuzi aliporuka juu ya paa la kitambaa na kulipitia akaketi upande wa abiria, habari iliyosomwa hadi Kampala.

Kisha, mwaka 2019, viongozi wa klabu ya wenye magari hayo kule Nairobi walifungua kikundi cha WhatsApp, na watu wakahamia huko kama nzi kwa embe. Familia iliombwa na kamati ya mazishi itumie lugha ya upole katika sehemu hii, na lugha ya upole ilitafutwa, haikupatikana. Mtu anauliza breki zake asubuhi, anajibiwa kwa vidole gumba ishirini, picha ya harusi na tangazo la ploti, na jioni swali limezikwa, na mwezi ujao mwingine anakuja kuuliza yale yale. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Musembi, ambaye yuko pale kwenye hema la wageni na amepewa kiti kizuri, alimwambia marehemu katika mkutano wa Sultan Hamud, mbele ya watu, "Mwalimu, achana na hiyo kitu, watu hawasomi siku hizi." Marehemu akamwambia, "Wewe gasketi yako ya 2013 uliisoma wapi?" Musembi akacheka, watu wakacheka, hata Mbaluka, aliyekuwa amepitia hapo na lori, alicheka. Marehemu hakucheka, alikwenda nyumbani akaandika ya Jumamosi.

Akaendelea kuandika peke yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, kama mhubiri kwenye kanisa la viti vitupu, na mkewe alipomwambia apumzike alisema, "Mtu akija akute taa inawaka."

Mnamo Februari 2024 alianza kuumwa koo, akapimwa Nairobi, ikathibitika ni saratani, na kufikia Septemba mwaka huo sauti ilikuwa imeondoka kabisa, sauti iliyotisha vidato vitatu kwa pamoja. Aliyebaki na vidole aliandika kwa vidole, tena zaidi ya mwanzo, akiwa na dripu mkono wa kushoto, na mara ya mwisho kuandika ilikuwa mwezi wa Machi mwaka huu, habari ya bomba la maji la injini, na kama kawaida aliomba atakayejaribu njia ile arudi aseme. Baada ya hapo jukwaa lilikaa kimya, na hakuna mwanachama hata mmoja aliyeuliza Mwalimu yuko wapi. Hakuna. Mtu aliyejibu kila mtu kwa miaka kumi na mitano alinyamaza, na hamkuuliza. Tarehe 9 Mei 2025, saa kumi alasiri, alifariki hospitalini, mkewe akiwa ameshika mkono wake.

Sasa tusikie yaliyofuata lile tangazo la Mbaluka. Utani ulipoisha na watu wakaamini, walianza kurudi. Mmoja wa Thika akaandika, "Mwalimu, ile gia ya 2016, nilifanya ulivyosema, haijasumbua mpaka leo." Mwingine akasema bomba la maji alilibadilisha mwezi wa Aprili kwa kufuata maelezo yale ya Machi, na linashika. Mwingine akasema ile njia ya breki haikumfaa, akaeleza alichofanya badala yake. Walikuja wengi kuliko walivyowahi kuja akiwa hai, siku nzima na siku ya pili yake, na Nyawira akawasoma wote, mmoja mmoja, kwa sauti, kwenye nyumba ambamo aliyestahili kusikia hakuwemo.

Kumbe mlikuwa mnasoma! Muda huo wote mlikuwa mnasoma, mnafungua magari yenu na simu ikiwa imeegemea tairi, mnafunga, mnaondoka na upepo kwenye nywele, na kumwandikia mtu mstari mmoja kuwa imepona kulikuwa kumewashinda. Mlimrudia akiwa baridi. Familia inawapenda, chakula ni chenu, lakini haitajifanya kwamba hilo halikuuma, na Mbaluka, ambaye hajawahi kukasirika mbele za watu tangu azaliwe, anaona kwamba hasira ni kama kuendesha gari lile, hujui kushuka ukishaingia.

Kwa niaba ya mama Nyawira na watoto, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Nairobi na Makueni, walimu wenzake waliomshikia vipindi bila kunung'unika, majirani wa Sultan Hamud waliolala sebuleni kwetu, majirani wa Kanyangi waliosawazisha barabara kwa jembe ili gari la Mwalimu lifike nyumbani bila kukwaruza tumbo, mchungaji na kwaya, na mafundi wa pale stendi aliowatukana kwa miaka mingi na ambao ndio waliobeba jeneza.

Tulia sasa, Mwalimu, mwana wa Mutunga, umekasirika vya kutosha kwa ajili yetu, mengine tutakasirika sisi kwa ajili yako.

Limebaki jambo moja, kwa kuwa wageni wanaliuliza. Jumatano, katika ibada ya matanga, Bwana Musembi alisimama na kusema kwamba klabu imeamua, kwa heshima ya marehemu, jukwaa la Viti Viwili lifungwe, liwekwe picha yake na mshumaa, mtu asiweze kuandika tena, na akamwomba mjane atoe ruhusa mbele ya watu. Nyawira alikuwa anamimina chai, akamjazia kikombe kwanza.

"Musembi," akamwambia, "wa kuzikwa ni mmoja, na jeneza lake tumeshanunua. Kunywa chai yako uende."