Mara Arobaini na Moja, "Hayupo"

Karibuni tukae kidogo na marehemu wetu, wasikilizaji wapendwa. Leo ni Speciose Mukantabana wa Bugene. Mukantabana. Lishikeni jina hilo, maana ndilo lililomponza.

Alivuka mpaka kutoka Rwanda mwaka 1994, akiwa na miaka ishirini. Njiani walipotezana na mama yake, Nyirabageni. Akaolewa huku na Polikarpi, mkulima wa kahawa na migomba. Mwaka 1997 akapata kazi Kayanga, katika ofisi moja ya kuwatafutia watu ndugu zao. Aliitaka kazi ile kwa sababu moja tu: kumpata mama.

Ofisi ilikuwa na seva, kompyuta yenye majina ya wakimbizi wote. Mwaka uliofuata fundi Gaspari akaletwa kutoka mjini, akaiunganisha na intaneti kwa setilaiti. Programu yake ilipokea swali kutoka kwenye tovuti, ikalipeleka kwenye seva, ikarudisha jibu. Mtu aulize akiwa Ulaya, Kayanga ijibu. Jambo jema, tusimnyime haki yake.

Lakini fomu ilitafuta kwa jina la ukoo tu. Jamani, Mnyarwanda jina la ukoo atalitoa wapi? Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba Harerimana, binti Mukantabana, na nyumba ni moja. Ili kisanduku kisibaki wazi, makarani wakaamriwa wajaze jina la baba. Speciose akamfuata Gaspari, akamweleza kwa upole kwamba mama hamtafuti mwanawe kwa jina la mumewe. Gaspari alikuwa anatafuna senene. Hata hakugeuka.

"Dunia nzima ina jina la ukoo," alisema. "Nyinyi ni nani?"

Speciose akarudi kitini, akajiandika mwenyewe: Harerimana. Mgeni, kibarua, angefanyaje?

Seva huweka kumbukumbu ya kila swali. Februari mwaka huu Speciose aliagizwa aichapishe. Akakuta swali moja kutoka Ubelgiji limeulizwa mara arobaini na moja: Mukantabana, anatafutwa na mama yake, Nyirabageni. Mara arobaini na moja seva ilijibu: hayupo. Naye alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye seva hiyo.

Akatuma barua pepe siku ileile. Aliyejibu ni sista mmoja. Mama alikuwa amezikwa Jumanne iliyotangulia. Kabla ya kufa aliomba misa ya kumwombea binti yake marehemu.

"Hakulia," Polikarpi ametuambia. "Alisema tu, 'Mama amenizika mimi kwanza.'"

Speciose alifariki wiki iliyopita kwa homa. Miaka ishirini na mitano, wasikilizaji wapendwa.

Pole sana Polikarpi, pole kwa watoto wako wawili. Gaspari, kama unatusikiliza, pole yangu wewe huipati. Nasi wengine tutafakari. Jana nilifika ofisini pale nikauliza kama fomu imerekebishwa. Wakaniambia iko kwenye mpango. Akina mama wangapi wanaomba misa leo, na watoto wao wako hai hapa Karagwe?