Nozeli za Gari Yangu na Jerikeni ya Njano

Salaam alekum, akina mama. Na ninyi wa upande wa kanisa, amani iwe kwenu pia. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniambia nisimame niseme habari ya gari, nikamuuliza, kuna mtu gani hapa asiyejua habari ya gari? Mmeisukuma ninyi wenyewe. Huyu mama aliyekaa karibu na mlango alipoteza kandambili yake siku hiyo, na hajaidai mpaka leo. Lakini mwenyekiti anasema mlisukuma tu, hamjui ilipona vipi. Basi nitawaambia. Sitataja jina la mtu. Anayejijua atajijua, anyamaze.

Marehemu mume wangu aliniachia watoto na gari moja ya dizeli. Nilipotoka eda, ukoo ulikaa. Shemeji yangu, ndiye mkubwa wa nyumba sasa, alisema gari iuzwe, mimi na watoto tuhamie kijijini Kuluba. Kule kuna shamba la muhogo na nyumba iko tayari. Sisemi alisema kwa ubaya, hapana. Ni mtu wa haki. Lakini watoto wangu wanasoma hapa Koboko, na mimi nilizaliwa Arua mjini, chini ya kilima cha maofisi. Jembe nalijua kwa jina. Nikawaambia wazee, nipeni gari hii niendeshe mwenyewe.

Wazee wakatazamana. Shemeji akasema, "Sawa, jaribu. Lakini ikikushinda tunauza, na hakuna maneno."

Nikajibu, "Hakuna maneno."

Kwa hiyo mnaelewa, ndugu zangu. Kwangu gari ile haikuwa gari tu. Ikisimama, na mimi nahama. Watoto wanaacha shule yao, naenda kuanza upya kwa watu, na umri huu nilio nao.

Kazi ilikwenda. Alfajiri napakia akina mama na simsim yao na samaki wakavu, naenda Arua, jioni narudi. Kwa kuwa naondoka kabla vituo vya mafuta havijafunguliwa, nilikuwa naweka dizeli nyumbani, kwenye jerikeni ya njano. Nilikuwa nainunua kwa baba mmoja anayeuza kando ya barabara, aliyekimbia vita upande wa pili wa mpaka. Na mnajua sisi tulivyolelewa. Mama yangu alikuwa anasema chombo kichafu hakivuki mlango. Ukipeleka bakuli kwa jirani, inakwenda imeoshwa, hata kama ni kurudisha tu. Mimi na ujane wangu nilishika hilo zaidi, mtu asije akasema amechoka, amejiachia. Kila kitu kwangu kinang'aa.

Basi siku moja asubuhi gari ikakataa kuwaka. Baadaye ikawaka, lakini inatoa moshi mweupe na inagonga, ko ko ko, kama mtu mwenye hasira mlangoni. Kwenye mlima haikuwa na nguvu. Bodaboda zilinipita, sawa, hizo zinapita kila mtu. Halafu nikapitwa na baiskeli yenye mkaa.

Nikaifikisha Pajulu, karibu na Arua, kwa fundi. Akafungua, akatoa nozeli. Kwa asiyejua, nozeli ni vile vidude vinavyopulizia dizeli ndani ya injini, laini kama mvuke. Tundu lake ni dogo sana, kitu kidogo tu kinaiharibu. Akaziweka kwenye mashine yake ya kupimia, akatikisa kichwa.

"Mama, hii imekufa yote. Ona, iko kutu. Maji ilipita."

"Maji imetoka wapi?"

"Mimi najua wapi? Uliza ule mutu nakuuzia mafuta."

Kununua nozeli mpya si mchezo, akina mama. Wenye magari ya dizeli hapa wanacheka, lakini wanacheka kwa uchungu. Niliuza bati zangu, zile nilizokuwa nimepanga nyuma ya nyumba za kuezekea jiko. Mpaka leo mvua ikinyesha napika na mwavuli.

Yule baba wa kando ya barabara sikumwambia kitu. Nilimpita tu. Siku ya kwanza akainua mkono, siku ya pili akaniuliza, "Mama, umenihama?" Nikamjibu, nimehama. Nikajiona mjanja. Nikaanza kununua kwenye kituo, kwenye pampu, na jerikeni yangu ileile. Na kwa kuwa nilikuwa naogopa uchafu wa mafuta ya yule baba umebaki ndani, nikaongeza kuosha. Maji ya moto, sabuni ya unga, natikisa mpaka mkono unauma, nasuuza, napindua juu ya jiwe. Ukiinusa ile jerikeni, inanukia maua.

Ya pili mnaijua, mlikuwemo. Tulibeba magunia ya kikundi hiki kwenda Arua, soko likitungoja, na gari ikafia mlimani. Mlishuka mkasukuma, mkakaa juani na watoto mgongoni, tukafika soko limekwisha. Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililoniuma. Mngenitukana ningejitetea.

Nozeli tena. Fundi wa Pajulu akaniambia maneno yaleyale, maji, kutu. Safari hii niliuza cherehani ya marehemu mama yangu. Nililia, sitawaficha. Nilimshonea mtu gauni la mwisho, nikafunga uzi, nikaipeleka.

Watu walinishauri mengi. Mwingine alisema ni jicho, mjane anaendesha gari, watu wanaona. Nikasoma Ayatul Kursi mbele ya tangi la mafuta. Sijutii kusoma. Lakini nadhani Mungu alikuwa ananisikiliza na kunishangaa.

Shemeji akaja kutoka Kuluba. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Mama watoto, hii gari nakula nyumba. Bati imekula, cherehani imekula. Sasa imebaki kula nini? Ikikufa tena, mimi nakuja na mutu ya kununua. Tulisema hakuna maneno."

"Hakuna maneno, shemeji."

Akaondoka. Nikawaangalia watoto wanavyofanya kazi zao za shule mezani, nikaenda kuwasha jiko.

Muda haukupita, nikaisikia tena asubuhi. Ko ko ko. Ndogo, mbali, lakini sikio langu lilikuwa limeshajifunza. Nikazima gari. Nikawaambia abiria wangu naumwa tumbo. Sikumwambia mtu. Lakini Koboko hii gari ya mtu ikilala siku moja, habari inafika Kuluba kabla ya jua kuzama.

Sasa nawaambia palipogeuka. Wiki hiyo kulikuwa na nikahi kwa jirani yetu, na sisi wanawake tulikwenda kupika. Mimi nilikuwa kwenye vitunguu. Mafuta ya kupikia yalikuwa kwenye pipa dukani, kwa hiyo mke mgeni wa nyumba ile, aliyeolewa hapo karibuni na bado ana hina mkononi, alitumwa na jerikeni kwenda kuyachukua. Akarudi nayo. Mpishi mkubwa, yule mama ambaye sote tunamwogopa, akapasha sufuria mpaka ikawa nyekundu, akamimina.

Ndugu zangu, yale mafuta yaliruka. Yalipasuka pa pa pa, tukakimbia kila mtu upande wake na vitambaa juu ya uso. Mpishi hakukimbia. Alisimama palepale na mwiko wake.

"Nani ameosha hii jerikeni?"

Yule mke mgeni akasema polepole, "Mimi, mama. Ilikuwa na vumbi."

"Uliikausha?"

"Niliipindua."

"Mwanangu, jerikeni haikauki kwa kupindua. Iko na mabega. Maji nalala kwa mabega, wewe hapana ona. Chombo ya mafuta unapangusa na kitambaa kavu, basi. Hapana kuosha."

Wengine walicheka, binti wa watu akainamisha kichwa. Mimi sikucheka. Kitunguu kilikuwa mkononi, kisu mkono wa pili. Maji nalala kwa mabega. Mimi pia napindua. Kila nikienda kununua dizeli, naosha, napindua, naipeleka.

Niliacha vitunguu palepale. Nilikwenda nyumbani, nikamimina dizeli iliyobaki kwenye jerikeni ndani ya chupa nyeupe inayoonyesha, nikaiweka dirishani. Asubuhi nikaiangalia. Juu dizeli. Chini kitu cheupe kizito, kama maji ya kuoshea mchele.

Nikapanda bodaboda mpaka Pajulu na chupa mapajani. Fundi akaifungua, akainusa, akaniangalia, akainusa tena.

"Mama, hii iko sabuni."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Halafu akafuta macho, akaniambia kwa upole kwamba maji peke yake filta ingeyakamata, yangekaa chini na mtu angeyatoa. Lakini sabuni inayachanganya na dizeli, filta haiyaoni, yanapita mpaka kwenye nozeli. Maana yake ni kwamba nilipoogopa zaidi ndipo nilipoharibu zaidi. Akaja Koboko na vifaa vyake, tukashusha tangi, tukamwaga yote. Nozeli zilikuwa zimeanza tu kushika kutu. Akazitoa, akazisafisha, akasema zitaishi.

Tangi lilikuwa bado chini kwenye majani shemeji alipofika. Alikuwa na mtu mwingine nyuma yake, amevaa vizuri, anaangalia gari kwa jicho la mnunuzi.

"Maneno yetu iko wapi?" shemeji akauliza.

Nikampa chupa. Akaiinua kwenye mwanga. Nikamwambia yote, jerikeni, sabuni, jiwe, mabega, mafuta ya harusi. Sikujitetea. Akaitikisa chupa, akaingoja itulie, akaiinua tena, mpaka yule mgeni akaanza kuangalia viatu vyake. Kisha shemeji akasema, "Ndugu yangu alikuwa naniambia, mke wangu akikosa kitu ya kuosha, anaosha hata kuni."

Akacheka. Na mimi nikacheka, maana marehemu alikuwa akisema hivyo kweli, hapo uani, kila siku. Tulikuwa hatujacheka pamoja juu ya mtu wetu tangu tulipomzika. Kicheko kikageuka machozi, kwake na kwangu, na hakuna aliyeona haya. Halafu akamgeukia mgeni wake.

"Rudi nyumbani, ndugu. Hii gari hapana mgonjwa. Ilikuwa inaogeshwa tu."

Imebaki moja. Nilirudi kwa yule baba wa kando ya barabara, kwa sababu nilikuwa nimemhesabia kosa ambalo si lake. Nikamweleza. Alikaa juu ya kigoda chake akafikiri, akasema, "Mama, mimi niliona tu unakuja na jerikeni inanukia. Nikasema, huyu mama nampenda sana, ananiheshimu." Jamani, nilikosa pa kuweka uso. Sasa nanunua kwake tena.

Kwa hiyo nawashukuru ninyi mliosukuma. Kandambili nitanunua, mama, usiondoke tukimaliza. Namshukuru fundi, na mpishi wetu mwenye mwiko. Na yule mke mgeni aliyegombezwa mbele ya watu, naona amejificha huko nyuma, mwanangu, kosa lako ndilo lililoniokoa. Namshukuru shemeji, aliyekuwa na haki ya kuuza na akaweka chupa kwenye mwanga kwanza.

Na somo, kama mnataka somo. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mkononi, na kinanukia maua. Nilibadilisha muuzaji, nikabadilisha pampu, nikabadilisha mpaka dua. Jerikeni sikubadilisha, kwa sababu ndiyo niliyokuwa najivunia.

Mkija kwangu mtaiona, iko nyuma ya mlango. Ni nyeusi, ina mafuta mpaka kwenye mpini, inzi wenyewe hawaitaki. Najua mioyo yenu, mtaona aibu kwa niaba yangu, mtaangalia sabuni iko wapi. Iacheni. Ni kitu kimoja tu kichafu katika nyumba yangu, na watoto wangu wanalala Koboko kwa sababu yake.